Nyumba ya Barabara ya Nile: Kisa cha Redio Uganda na Tangazo la 25 Januari 1971

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 25 Januari 1971, milio ya bunduki ilisikika Kampala na Entebbe, na kulipokucha raia wengi hawakujua kwa hakika nani alikuwa akipigana na nani. Rais Milton Obote hakuwapo. Alikuwa bado hajarejea kutoka Singapore, alikokwenda kuhudhuria mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Uwanja wa ndege wa Entebbe ulikuwa umeshikwa na askari, na magari ya kivita yalikuwa yametanda mjini. Kwa saa nyingi za siku hiyo utawala wa zamani ulikuwa umekwisha na mpya haujatajwa. Pengo hilo lilizibwa alasiri, pale afisa mteule wa daraja la pili, Wilfred Aswa, aliposoma kwenye Redio Uganda tangazo la jeshi lenye hoja 18 dhidi ya Obote, kisha akamkabidhi nchi Meja Jenerali Idi Amin Dada.

Tangazo hilo limesimuliwa mara nyingi kama sehemu ya historia ya Amin. Hapa nalichambua kama sehemu ya historia ya redio yenyewe: kituo kimoja cha umma, chenye studio zake katika Barabara ya Nile, Kampala, na mitambo ya masafa ya kati, yaani AM, na ya masafa mafupi, ambacho kwa zaidi ya miaka 30 kilikuwa ndiyo sauti pekee ya ndani iliyoweza kuwafikia Waganda wa Arua na wa Kabale kwa dakika ile ile. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mambo mawili ya kawaida kabisa, namna mawimbi hayo yanavyosafiri na namna sheria ilivyogawa haki ya kutangaza, yaliigeuza nyumba moja ya ofisi kuwa mahali pa kukabidhiana dola. Mambo hayo mawili yalipobadilika, nyumba ilibaki pale pale, lakini thamani yake machoni mwa mwenye bunduki ikahamia kwingine.

Kituo hicho kilianza kurusha matangazo mwezi Machi 1954, kikiwa idara ya serikali ya kikoloni, na Kiingereza na Luganda vikiwa mstari wa mbele. Ulikuwa wakati mgumu. Miezi michache kabla, tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alikuwa amemhamishia Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, Uingereza kwa nguvu, na Buganda nzima ilikuwa ikichemka. Sidai kwamba redio ilianzishwa kwa sababu hiyo, maana mitambo haiagizwi na kusimikwa kwa miezi minne. Hata hivyo ni wazi kwamba chombo hicho kilizaliwa katika mazingira ambayo serikali ilitaka sana kusikika na haikutaka sana kujibiwa. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Oktoba 1962, idara ikawa Redio Uganda, lugha zikaongezwa, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 1963. Kitu kimoja hakikubadilika: mwenye redio alikuwa serikali, na mtangazaji alikuwa mtumishi wa wizara, mwenye mshahara wa wizara na hofu ya wizara.

Kwa nini basi hakukuwa na mwingine? Sheria ni nusu ya jibu. Nusu ya pili imo katika mitambo, na hapo inafaa tutulie kidogo, kwa sababu wanahistoria wengi huliruka jambo hili.

Redio ya masafa ya kati hutumia mawimbi marefu. Kwenye kilohezi 1,000 wimbi moja lina urefu wa mita 300, na mnara wake, ambao wote kwa ujumla ndio antena, kwa kawaida hukaribia robo ya urefu huo, yaani mita 75 hivi. Chini ya mnara hufukiwa nyaya nyingi za shaba zinazotawanyika pande zote kama mizizi, kwa kuwa wimbi hilo mchana hutambaa juu ya ardhi, na ardhi isiyopitisha umeme vizuri hulimeza mapema. Ndiyo maana mitambo ya AM hupendelea uwanja mpana wenye unyevu kuliko kilele cha mlima. Inahitaji ekari nyingi, umeme mwingi na mafundi wa kukesha nayo. Tena ni mlaji wa ajabu: sehemu kubwa ya nguvu yake huishia katika wimbi linalobeba sauti, si katika sauti yenyewe, hivyo hata mtangazaji akinyamaza kutafuta karatasi yake, bili ya umeme haimsubiri.

Malipo ya gharama hiyo ni umbali. Mnara mmoja wenye nguvu ya kutosha hufikia wilaya kadhaa mchana, vilima au hakuna vilima, na usiku, tabaka la anga linalomeza mawimbi haya wakati wa jua linapotoweka, sauti huruka juu, hurudishwa na matabaka ya juu zaidi na kushuka mamia ya kilomita mbali. Kwa walio mbali zaidi yalikuwapo masafa mafupi. Kwa miaka mingi Redio Uganda ilijulikana kwa wapenzi wa redio wa nchi za nje kwenye kilohezi 4976. Mnunuzi wa redio ndogo ya transista, akiwa na betri zake na kipande cha waya kilichotundikwa kwenye mwembe, hakuhitaji kingine. Kijiji chenye redio tatu kilikuwa kijiji kizima chenye habari, kwa sababu redio ya wakati huo haikusikilizwa na mtu mmoja.

Uchumi wa namna hiyo humruhusu mchezaji mmoja tu. Hakuna mfanyabiashara wa Kampala wa mwaka 1965 ambaye angenunua shamba, mnara na mtambo wa kilowati nyingi ili auze sabuni kwa matangazo, hata kama sheria ingemkubalia. Matokeo yake, nchi yenye lugha zaidi ya 30 na falme zilizokuwa na historia ndefu ya kubishana ilikuwa na mdomo mmoja wa kielektroniki, na mdomo huo ulikuwa ndani ya jengo moja katikati ya mji mkuu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Bunge.

Turudi alasiri ile ya Januari. Kuna mambo matatu katika tangazo la Aswa ambayo yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko yanavyoangaliwa kwa kawaida.

La kwanza ni msomaji mwenyewe. Amin alikuwa Kampala, alikuwa mkuu wa jeshi, na alijulikana kwa sura na kwa sauti. Hata hivyo aliyezungumza kwanza alikuwa askari asiyejulikana na umma, wa cheo kilicho chini ya maafisa wote wenye kamisheni. Tangazo lenyewe lilipangwa kwa mtindo huo huo: majeshi ndiyo yaliyoamua kumwondoa Obote, na Amin alitajwa kama askari mwenzao wanayemkabidhi madaraka, huku wasikilizaji wakiambiwa wasubiri kauli yake ambayo ingekuja baadaye. Mtu ambaye ndiye aliyefaidika zaidi na kitendo akaingia jukwaani kama aliyeitwa. Redio ndiyo iliyowezesha jambo hilo, kwa kuwa msikilizaji haoni nani amesimama nyuma ya msomaji. Lingekuwa limetolewa uwanjani mbele ya umati, swali la kwanza la watu lingekuwa: na Jenerali mwenyewe yuko wapi?

La pili ni yaliyomo. Hoja zile 18 hazikuandikwa kwa ajili ya wanajeshi peke yao. Zilimlaumu Obote kwa kuwaweka watu kizuizini bila kesi, kwa kurefusha hali ya hatari nchi nzima, kwa ufisadi, kwa kodi zilizorundikana, kwa bei ndogo za pamba na kahawa, kwa kutofanya uchaguzi kwa miaka 8, kwa mauaji na unyang'anyi wa makondo, yaani majambazi wenye silaha, ambao serikali haikuudhibiti, na hata kwa kudhoofisha umoja wa Afrika Mashariki kwa kuwafukuza wafanyakazi waliotoka Kenya. Malalamiko ya kijeshi yalikuwapo pia, hasa tuhuma kwamba Obote alikuwa akijenga jeshi la pili lenye watu wa eneo lake la Akokoro na kulipendelea eneo la Lango. Ukiyasoma yote pamoja unaona ramani ya wasikilizaji: mkulima wa pamba wa Busoga, mkulima wa kahawa wa Masaka, karani anayekatwa mshahara, mtu wa Buganda ambaye Kabaka wake alikimbia mwaka 1966, askari wa West Nile. Kila mmoja alipewa sentensi yake. Aliyeliandika alikijua kituo anachokitumia, kwamba kinafika kwa wote hao kwa mara moja na kwamba hakuna kituo kingine cha ndani kitakachochambua orodha ile baada ya dakika 10.

Ajabu moja ni kwamba tangazo la jeshi lililozungumza Kiswahili kambini lilisomwa kwa Kiingereza. Kwa maoni yangu hilo linaeleweka. Kiswahili kingewafikia Jinja, Mbale, Arua, Bombo na kambi zote, lakini kwa sikio la wengi wa Buganda wakati ule kilikuwa lugha ya askari na polisi, na siku ile jeshi lilitaka kusikika kama taifa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, Amin aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa, na nafasi yake hewani ikakua. Kwa bahati mbaya ya lugha yetu, kwa wasikilizaji wengi ilikua ikiwa imefungamana na amri za utawala ule, na deni hilo Kiswahili cha Uganda kimeendelea kulilipa kwa miaka mingi.

La tatu ni saa, nalo naliona ndilo kiini cha kisa. Mapigano yalianza usiku. Tangazo lilitoka alasiri. Kwa nini kusubiri hivyo? Jibu linakuwa wazi zaidi tukivuka mpaka. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga la Kenya waliiteka Sauti ya Kenya jijini Nairobi, na mtangazaji maarufu Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kuwatangazia wananchi kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Wakenya wengi waliamka na habari hiyo. Waasi wale walikuwa na redio asubuhi mapema, lakini hawakuwa na jeshi la nchi kavu, na kabla siku haijaisha vikosi vitiifu vilikuwa vimekikomboa kituo na Wakenya wakasikia kauli iliyo kinyume kwenye masafa yale yale. Nairobi tangazo lilitangulia ushindi. Kampala ya 1971, vikosi vyenye magari ya kivita vilikuwa vimekwisha kuyashika maeneo makuu ya mji kabla ya mtu kufungua kinywa hewani. Redio peke yake haimpi mtu nchi. Humpa uwezo wa kuufanya ushindi wa mji mmoja uonekane ushindi wa nchi nzima, na uwezo huo hufanya kazi vizuri pale tu ushindi wa mji unapokuwa wa kweli.

Kuna kitu kingine ambacho saa zile za kusubiri zinakikumbusha, nacho ni mafundi. Kuiteka studio ni kuteka chumba chenye kipaza sauti. Sauti hiyo lazima iende kwenye mitambo iliyo mbali na studio, na huko lazima awepo mtu wa kuiwasha, kupandisha nguvu polepole na kuangalia vipimo visipitilize. Askari hana elimu hiyo. Kila utawala ulioingia Kampala kwa bunduki, kwa hiyo, ulihitaji watumishi wale wale wa zamu waliomtumikia aliyetangulia, na hao ndio waliobaki kazini utawala baada ya utawala, bila jina lao kutajwa katika tangazo lolote. Kama kuna historia ya Redio Uganda inayostahili kuandikwa kwa urefu, ni yao.

Kilichofuata katika miaka 15 ni mrudio wa somo lile lile, kila mara kwa tofauti ndogo yenye maana.

Amin aliitumia redio kuliko mtangulizi wake yeyote. Amri zilitangazwa kwanza, barua zikafuata baadaye, na maafisa wengi walijua kazi zao mpya, au mwisho wa kazi zao, kupitia taarifa ya habari. Agosti 1972 kufukuzwa kwa Waasia kulitamkwa Tororo mbele ya askari, lakini ni redio iliyoigeuza hotuba ya kambini kuwa hesabu ya siku 90 iliyojulikana kila duka. Utawala wa namna hiyo huokoa karatasi na hugharimu taasisi: wizara hujifunza kusikiliza badala ya kufikiri.

Tarehe 11 Aprili 1979, siku Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoikamata Kampala, Luteni Kanali David Oyite-Ojok alitangaza kupitia Redio Uganda kwamba utawala wa Amin umeangushwa, akawataka askari waliobaki wajisalimishe. Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais siku mbili baadaye. Vita vyenyewe havikuwa vimekwisha. Mashariki na kaskazini mapigano yaliendelea, na West Nile haikufikiwa hadi mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Lakini hakuna anayeandika kwamba Amin aliangushwa Juni. Hali ni hiyo hiyo mwaka 1986: Jeshi la Upinzani la Taifa liliikamata Kampala tarehe 26 Januari na Yoweri Museveni akaapa tarehe 29, ingawa Gulu ilichukuliwa Machi. Tarehe tunazozikariri shuleni kama mwisho wa tawala ni tarehe za Kampala na redio yake, na wilaya zilizoendelea kusikia risasi baada ya hapo zina kalenda nyingine.

Mfano ulio safi kabisa, na usiozungumzwa sana, ni wa Mei 1980. Rais Godfrey Binaisa, aliyekuwa Ikulu ya Entebbe, aliamua kumwondoa Oyite-Ojok katika wadhifa wa mnadhimu mkuu wa jeshi. Kisheria lilikuwa jambo la rais. Askari wakaishika redio, na badala ya nchi kusikia kwamba mnadhimu ameondolewa, ikasikia kwamba Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga imetwaa madaraka ya rais. Binaisa hakushambuliwa; alibaki ndani ya Ikulu, akilindwa na Watanzania, akiwa rais ambaye hakuna mtu angeweza kumsikia. Pale tunaona kwa uwazi kwamba Ikulu na redio vilikuwa vitu viwili tofauti, umbali wa kilomita 40 hivi, na kwamba kati ya viwili hivyo askari walijua kipi cha kukichukua kwanza.

Desemba ya mwaka huo huo funzo lilitumika bila risasi. Kura zilipigwa tarehe 10 na 11, na wafuasi wa chama cha Democratic Party wakaanza kusherehekea Kampala. Muwanga akatoa tangazo la kujipa yeye mwenyewe mamlaka ya kutangaza matokeo, na kumkataza mtu mwingine yeyote kufanya hivyo. Ukifikiria kidogo, hilo ni kuiteka redio kwa kalamu: matokeo ya vituo yangeweza kujulikana na mawakala, lakini yasiyotangazwa hayakuwa matokeo. Obote akatangazwa mshindi. Wengi waliosikia habari tofauti walizisikia BBC, kwa masafa mafupi, na jambo hilo lenyewe linaonyesha mpaka wa ukiritimba ule: uliizuia sauti ya ndani, haukuweza kuzuia ya nje. Tarehe 27 Julai 1985, askari wa Brigedia Bazilio Olara-Okello walipoingia Kampala na Obote kuvuka kwenda Kenya, hatua zilikuwa zimekwisha kuwa za kawaida kiasi kwamba wakazi wa mji, waliposikia muziki wa kijeshi mahali pa kipindi, hawakuhitaji maelezo.

Kilichouvunja mpangilio huo hakikuwa katiba wala jeshi. Mwaka 1993 serikali iliruhusu redio binafsi, na mwisho wa mwaka huo Sanyu FM na Capital Radio zikawa hewani Kampala. Mwaka 1996 ikaanza CBS, redio ya ufalme wa Buganda iliyoko Mengo, na mwaka huo huo sheria ya vyombo vya elektroniki ikaunda Baraza la Utangazaji la kutoa leseni. Ndani ya miaka 20 vituo vya FM vilivyosajiliwa vilipita 200.

Mawimbi ya FM ni mafupi na husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo Kampala yenye vilima ni mji uliozaliwa kwa ajili yake. Mlingoti kwenye kilele kama Kololo, mtambo wa ukubwa wa kabati na chumba cha studio vinatosha. Sauti ni safi, muziki unapendeza, na kijana aliyeizoea haoni kwa nini avumilie mkwaruzo wa AM kila radi inapopiga, na Uganda si nchi yenye uhaba wa radi. Kinachopotea ni umbali. FM ya Mbarara haisikiki Moroto, na bonde lililo nyuma ya mlima hubaki kivulini. Hivyo ukiritimba wa sauti moja ulipovunjika, kuvunjika huko kuliivunja pia hadhira: kila mkoa ukapata redio yake, kwa lugha yake, na nchi ikabaki bila kituo ambacho wote wanakisikiliza.

Kwa Redio Uganda anguko lilikuwa la polepole. Wasikilizaji walihama kwanza, watangazaji wa biashara wakawafuata, mafundi wazoefu wakastaafu. Mwaka 2005 sheria iliiunganisha redio na televisheni ya taifa kuwa Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, nalo likaweka nguvu kwenye FM kama kila mtu mwingine. Mitambo ya masafa ya kati na mafupi ilikuwa imezeeka, vipuri vilikuwa adimu, na viwanja vyake vilikuwa vimekuwa na thamani kuliko mitambo iliyosimama juu yake. Ardhi ya shirika katika barabara ya Faraday, Bugolobi, iliingia kwenye mauzo yaliyozua kesi mahakamani, jambo lililowaudhi wengi. Mimi naliona lilikuwa la kutarajiwa. Shirika linalotakiwa kulipa mishahara huku likimiliki ekari nyingi katika mtaa wa matajiri, kwa ajili ya teknolojia ambayo hakuna anayeitetea, halitakosa mnunuzi. Lawama yangu iko mahali pengine: hakukuwa na mjadala wa wazi wa nani atakayewahudumia wasikilizaji wa Karamoja au wa visiwa vya Ziwa Viktoria ambao AM iliwafikia na FM haiwafikii vizuri.

Na dola je, ilikubali tu kuupoteza mdomo wake mmoja? Septemba 2009 inajibu. Serikali ilipomzuia Kabaka Ronald Mutebi kwenda Kayunga, ghasia zikazuka Kampala na watu wakauawa. Mamlaka hazikwenda UBC kuilinda, na waandamanaji hawakwenda kuiteka. Pande zote mbili zilijua kwamba mji haukuwa ukiisikiliza. Baraza la Utangazaji lilizima vituo vinne: CBS, Suubi FM, Radio Sapientia na Akaboozi. CBS ilikaa kimya kwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2010. Askari wa 1971 alihitaji kuingia studio ili asikike. Ofisa wa 2009 hakuhitaji kusikika kabisa. Alihitaji barua, sheria ya leseni na uwezo wa kuwazima wengine. Nafikiri mabadiliko hayo ni makubwa kuliko kuhama kutoka AM kwenda FM, ingawa yasingewezekana bila kuhama huko, kwa kuwa redio 200 zenye mitaji midogo na leseni za kuhuishwa zina vichwa 200 vya kufikiria mara mbili kabla ya kipindi cha jioni.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 ililimeza Baraza la Utangazaji ndani ya Tume ya Mawasiliano, ambayo sasa inashika leseni za redio na za mitandao ya simu kwa mkono mmoja. Uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 ulipofika, intaneti ilifungwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na redio za FM zikaachwa hewani. Miaka 50 baada ya tangazo la Aswa, redio ndiyo iliyokuwa imeonekana haina hatari ya kutosha hata izimwe.